Mla Jana

Saa kumi alfajiri, Galloway, Februari.
Mvua ya huku haidondoki, inapita ubavuni
kama mtu asiyetaka salamu.
Nawasha trekta. Nasoma karatasi ya Gethin
iliyobandikwa kiooni kwa selotepu:
sileji, kilo elfu mbili na mia nane;
shayiri ya kupondwa, mia nne;
mashudu, mia mbili na hamsini;
majani ya ngano, sitini; madini, mfuko mmoja.
Pipa la kuchanganyia linazunguka,
harufu inapanda: siki, tumbaku,
tunda lililosahauliwa kapuni.
Miaka sita. Hata kanga zangu za sandukuni
zinanuka sileji.

Mama yangu, Njombe, alikuwa na ng'ombe mmoja
na mizani yake ilikuwa kiganja.
Pumba kibaba, mabua, maganda ya viazi,
chumvi ya kushika kwa vidole viwili.
Hakuandika. Alimtazama mnyama macho,
akazunguka nyuma akatazama mavi,
akasema: leo punguza.

Karatasi ya Gethin haina mstari wa mavi.

Jumatatu, namba mia nne na kumi na mbili,
ambaye Isobel humwita Heather,
siku ya nane tangu azae,
alisimama nyuma ya wenzake
kama mdai aliyekata tamaa.
Hori limejaa. Hali.
Nikaweka sikio ubavu wa kushoto
pale ambapo tumbo hunguruma mara mbili kwa dakika,
kama lori la mbali linalopanda mlima.
Kimya.
Kinyesi uji, na ndani yake punje za shayiri,
hazijaguswa, zinang'aa
kama sarafu zilizopita mfukoni mwa mlevi.

Nikahesabu wanaocheua: kati ya kumi waliolala, wanne.
Nikahesabu kutafuna: thelathini na tano, akameza.
Mama alitaka sitini.

"Kompyuta inasema wako sawa," Isobel akasema,
si kwa ubaya. Ana deni la zizi jipya
na bei ya maziwa imeshuka tena, pensi mbili.
Sikubishana. Nilimwonyesha hori kwa ncha ya buti.
Wanachambua. Pua zao zinachimba visima,
shayiri inakwenda, majani marefu yanabaki
ukingoni kama fagio zilizotupwa.
Anayewahi anakula karamu,
anayechelewa anakula fito.

Gethin akaja Jumatano na chekeche zake tatu,
akatikisa, akapima,
akaguna kwa Kiwelshi.
Tukakata majani yakawa mafupi kuliko kidole cha mtoto,
tukamwagia maji, lita mia tatu, chakula kishikane,
tukatoa kilo sitini za shayiri.
Maziwa yakashuka siku tatu.
Siku tatu Isobel hakunisemesha.

Heather tulimpa hei kavu, konzi kwa konzi,
na magadi katika maji vuguvugu,
yale yale ya kulainishia maharage.
Mwenzake, mia tatu na tisa, hatukumuwahi.
Lori lilimchukua Ijumaa.
Nilikuwa naosha ndoo. Niliendelea kuosha.

Husemwa: mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Aliyesema hivyo hakukesha na ng'ombe.
Heather amelalia kifua, jicho moja nusu,
donge linapanda shingoni,
la jana hilo, au la juzi,
taya linakwenda kushoto, linarudi.
Nami juu ya ndoo iliyopinduliwa,
chai ya chupa imepoa,
najikuta nahesabu kwa Kibena,
lugha ambayo hapa hakuna wa kunisahihisha.
Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Anameza.
Nangoja.
Linapanda jingine.